"Affect" na "effect": pale kanuni ya kitenzi na nomino inapokoma

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Ofisini kwetu ripoti zote huandikwa kwa Kiingereza, na kila nikifika kwenye "affect" na "effect" nasita. Nilifundishwa kwamba "affect" ni kitenzi na "effect" ni nomino, nikaishika hivyo. Juzi nimekuta waraka umeandikwa "to effect the changes". Nikaweka "affect", lakini msimamizi wangu akarudisha kama ilivyokuwa na kuniambia nimegeuza maana. Je, nilifundishwa vibaya? Na mbona programu ya kusahihisha tahajia hunyamaza tu? Nakuwekea na sentensi yangu moja uitazame: "The new system will effect all customers, and its affects will be seen next year."

Jibu: Ndugu yangu, hukufundishwa vibaya, na msimamizi wako naye yuko sahihi. Kanuni uliyopewa inatosha katika sehemu kubwa ya maandishi ya kila siku, ila ina mahali inapokoma, na waraka ule ulikuwa umeshapita hapo.

Tuanze na sentensi yako, maana hiyo iko ndani ya kanuni. Iandike hivi: "The new system will affect all customers, and its effects will be seen next year." Maneno yote mawili ulikuwa umeyapishanisha. Baada ya "will" panatakiwa kitenzi, na kitenzi chenye maana ya kuathiri ni "affect". Baada ya "its" panatakiwa nomino, na nomino yake ni "effect", kwa wingi "effects". Ukiona kabla ya neno kuna "the", "an", "its", "no", "any", "this", au kivumishi kama "serious" na "lasting", andika "effect". Ukiona "will", "may", "can" au "did not", au kielezi kama "seriously", karibu kila mara ni "affect". Sijaitaja "to" kwa makusudi, kwa sababu hiyo peke yake haiaminiki. Tutaifikia.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe katika jambo hili. Tuna "kuathiri" na tuna "athari", na mzizi wa yote mawili unaanza kwa "a". Mtu anapotaka kusema "athari zake" kwa Kiingereza, ile "a" ya mwanzo humvuta mkono, akaandika "its affects". Nadhani ndivyo ilivyokutokea.

Lakini "athari" hiyohiyo inaweza kukuokoa, kwa sababu Kiswahili hakikuachi ukichanganya kitenzi na nomino. Kitenzi chetu hubeba nafsi na wakati ndani yake: umeathiri, itaathiri, haikuathiri. Nomino yetu hufuatwa na upatanisho: athari zake, athari hii, athari za mfumo. Basi kabla hujaandika, iseme sentensi kwa Kiswahili. Ukisikia "-ta-", "-li-" au "-me-" ndani ya neno, andika "affect". Ukisikia "za", "yake" au "hii" likifuata neno, andika "effect". "Mfumo mpya utawaathiri wateja wote, na athari zake zitaonekana mwaka ujao." Hapo huna cha kukisia.

Kipimo hiki nakipenda kuliko kile cha kuweka neno "influence" mahali pake uone kama sentensi inasimama. Kile kinavuja: "influence" ni kitenzi na ni nomino vilevile, kwa hiyo hukaa kote kuwili na haikuambii lolote. "Impact" nayo ni hivyo hivyo, na wengi siku hizi huikimbilia ili wasilazimike kuchagua. Mtu anaweza kuandika "impact" katika kila ripoti na asishtakiwe na yeyote, lakini siku atakapoletewa mkataba wenye "effect" ndani yake hatajua ameambiwa nini.

Alama nyingine ya kutegemewa ni "on". "Affect" huenda kwa mtendwa moja kwa moja, kama "kuathiri": tunasema "kuathiri mauzo", hatusemi "kuathiri kwa mauzo". Nomino ndiyo inayohitaji kihusishi, "athari kwa mauzo", yaani "an effect on sales". Kwa hiyo ukijikuta umeandika "affects on", ujue kuna kitu kimekosewa, na una njia mbili za kutoka. Ama ufute "on" ubaki na "it affects sales", ama ugeuze iwe nomino na kuipa kitenzi chake, "it has an effect on sales". Ile ya kwanza ni fupi na mara nyingi ndiyo bora.

Sasa twende kwenye waraka wenu. "Effect" ni kitenzi pia, na maana yake si kuathiri. Maana yake ni kuleta, kutimiza, kutekeleza, kufanya jambo liwe. Soma sentensi hizi mbili zinazotofautiana kwa herufi moja tu: "The committee affected the changes" na "The committee effected the changes". Ya kwanza inasema mabadiliko yalikuwapo, au yalikuwa yameshapangwa, kisha kamati ikayagusa. Pengine iliyachelewesha, pengine iliyapunguza, pengine iliyatia nguvu, sentensi haisemi. Ya pili inasema kamati ndiyo iliyoyafanya, na bila hiyo kamati yasingekuwapo. Waraka unaoagiza "to effect the changes" unawataka watu wayatekeleze mabadiliko. Ukiweka "to affect the changes", unawataka wayaingilie. Msimamizi wako aliona hilo.

Kwenye fedha tofauti hii ni kubwa zaidi. "To effect payment" ni kulipa. "To affect payment" ni kuyagusa malipo kwa namna fulani: yachelewe, yapungue, au yasitoke kabisa. Barua ya madai inayosema "please affect payment by Friday", ukiichukua neno kwa neno, inamwomba mdaiwa ayavuruge malipo kabla ya Ijumaa. Aliyeipokea ataelewa kilichokusudiwa, lakini kosa la namna hii katika barua ya madai linaipunguzia uzito barua nzima.

Angalia pia aina ya maneno yanayokifuata kitenzi "effect": "change", "payment", "transfer", "arrest", "repairs", "settlement", "cure". Yote ni matendo, au mambo yanayotokea kwa kutendwa. Polisi hu-"effect" ukamataji, benki hu-"effect" uhamishaji wa fedha, fundi hu-"effect" matengenezo. Mtu au kitu ambacho tayari kipo hakiwezi kukifuata kitenzi hiki. Ndiyo maana sentensi yako haiwezi kutetewa kwa kudai kwamba ulikusudia "effect" ya kitenzi: "will effect all customers" ingemaanisha kwamba mfumo mpya utawafanya wateja wawepo. Na hapo ndipo ile "to" inaposhindwa kukusaidia, kwa sababu "to affect" na "to effect" zote ni Kiingereza sahihi. Hapo huulizi tena kama neno ni kitenzi au nomino. Unauliza kama jambo linalofuata lilikuwapo likaguswa, au halikuwapo likaletwa.

Ushauri wangu ni kwamba ukijue kitenzi hiki vizuri ukisoma, lakini usikitumie sana ukiandika. "Make the changes", "pay" na "repair" husema yaleyale kwa uwazi, na hakuna msomaji atakayedhani umekosea tahajia. Katika mkataba au hati ya kisheria kiache, kwa sababu huko kimeshazoeleka na wanasheria wanajua uzito wake.

Ukitazama asili ya maneno haya, utaona kwamba hicho kitenzi cha pili hakikuja kuharibu kanuni. Yote mawili yametoka kwenye kitenzi cha Kilatini "facere", kutenda. Kilatini kilitanguliza "ad", yenye maana ya kuelekea, "d" ikageuka kuwa "f", ikapatikana "afficere": kukitendea kitu, kukigusa. Kikatanguliza pia "ex", yenye maana ya kutoka, ikapatikana "efficere": kutenda mpaka kitu kitokee, kukamilisha. "Efficient" ni ndugu wa hiyo. Kwa hiyo "affect" inakiendea kitu kilichopo, na "effect" inatoa kitu ambacho hakikuwapo. Kilichotokea ni "an effect". Kukifanya kitokee ni "to effect". Nomino iliingia Kiingereza katika karne ya 14, na kitenzi kikafuata katika karne ya 16. Umri wa zaidi ya miaka 400 unatosha kutuonyesha kwamba "to effect" si neno la kubuni la makarani wa leo.

Pengine unajiuliza kwa nini hata Waingereza wenyewe hukosea. Sababu iko masikioni. Kiingereza kina tabia ya kuifinya irabu ya silabi isiyo na mkazo mpaka ipoteze sura yake. Katika maneno haya mkazo uko kwenye silabi ya pili, kwa hiyo "a" ya "affect" na "e" ya "effect" zote hufinywa, na katika maongezi ya kasi huwezi kuzitenganisha. Aliyejifunza lugha kwa kusikia tangu utotoni hana sauti ya kumkumbusha herufi. Sisi irabu zetu tano hazifinywi popote zilipo, na wengi wetu huendelea kuzitamka wazi hata katika Kiingereza. Katika tahajia hiyo ni faida. Ukishajua ni neno lipi, litamke kichwani kwa irabu kamili unapoandika, hata kama mdomoni utalitamka kama wanavyolitamka wao.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, lakini kwa mwandishi wa ripoti naona lina uzito kuliko herufi. "Affect" na "effect" hazisemi kama kilichotokea ni kizuri au kibaya. Kwetu ni tofauti. Katika matumizi ya kila siku "kuathiri" huegemea ubaya: ukisikia mtu au eneo limeathirika, hungojei habari njema. Wanazuoni hulitumia bila lawama wanapozungumzia athari za lugha moja katika lugha nyingine, lakini mitaani neno lina kivuli. Basi mwandishi Mswahili anaandika "The project affected the residents" akiamini kwamba ameshasema wakazi wameumia, na msomaji wa Kiingereza anabaki akijiuliza: wamefaidika au wamepata hasara? Kama wamepoteza kitu, andika "harmed", au bora zaidi utaje walichopoteza. Kama wamefaidika, andika "helped" au "benefited". Kwenye nomino, kivumishi kimoja hutosha: "harmful effects", "good effects". Hata sentensi yako niliyoisahihisha ina udhaifu huu. Wateja wote wataguswa, sawa, lakini kwa namna gani? Watasubiri kidogo zaidi au watahudumiwa haraka zaidi? Kama unalijua jibu, liandike badala ya "affect", na hapo utakuwa umelikwepa tatizo la tahajia kwa njia ya halali kabisa.

Yako mafungu ya maneno ambayo ni ya kukariri tu, na yote ni ya "e". Barua za ofisi zimejaa "with effect from 1 July", yaani kuanzia tarehe 1 Julai, na "with immediate effect", kuanzia sasa hivi. Sheria mpya "takes effect" au "comes into effect" inapoanza kutumika, na ingali "in effect" maadamu haijafutwa. Hiyo "in effect" ina maana nyingine pia, "kwa hakika" au "kimatendo": mtu akikaimu ukurugenzi kwa muda mrefu bila kuthibitishwa, yeye ni mkurugenzi "in effect". "A letter to that effect" ni barua yenye maana hiyo. "Side effects" za dawa unazijua. "Cause and effect" ni sababu na matokeo. Matukio ya kisayansi yenye majina nayo hushika "e" daima, kama "Doppler effect", badiliko la mawimbi ya chanzo kinachosogea ambalo Christian Doppler alilieleza mwaka 1842, na "greenhouse effect", hali ya gesi za angani kuzuia joto lisitoke. Lile ambalo humshangaza mtu ni "personal effects": hizo ni mali ndogondogo za mtu, nguo, saa, simu, pochi, zile anazokabidhiwa ndugu baada ya mwenyewe kufariki. Halihusiani na athari kabisa, na ukilitafsiri "athari binafsi" msomaji wako atapotea.

Upande wa "a" una hatari moja ya kuangalia. Kilatini kilikuwa na kitenzi kingine cha ukoo huo, "affectare", kuwania au kutamani kuonekana na kitu, na Kiingereza kikakipokea kwa tahajia ileile ya "affect". Kwa hiyo "she affected surprise" maana yake ni kwamba alijifanya kushangaa, wala si kwamba aliuathiri mshangao. Kutokana na hapo, mtu anayeitwa "affected" bila maelezo zaidi ni mtu wa kujifanya, mwenye madoido ya kuigiza katika sauti au mwendo. "An affected accent" ni lafudhi ya kujilazimisha. Mswahili akitaka kusema kwa staha kwamba fulani ameathirika, akaandika "he is affected" na kuweka nukta hapo, anaweza kusomwa kana kwamba amemwita mtu huyo mwenye maringo. Taja kilichomwathiri: "he is affected by the illness". Neno dogo "by" linaondoa utata wote. "The affected areas" haina tatizo, kwa sababu eneo haliwezi kujifanya.

Ile nomino "affect" nayo ipo, ila ni ya wataalamu wa saikolojia na magonjwa ya akili. Waliipokea mwishoni mwa karne ya 19 kutoka "Affekt" ya Kijerumani, na kwao ni hisia jinsi inavyoonekana kwa nje, usoni na katika sauti. Daktari akiandika "flat affect" anamaanisha kwamba mgonjwa haonyeshi hisia. Mkazo wake uko kwenye silabi ya kwanza, kwa hiyo hii walau husikika tofauti. Kama kazi yako si ya fani hiyo, chukulia kwamba hutaihitaji kamwe, na kila "affects" uliyoitumia kama nomino katika ripoti ni kosa.

Limebaki la programu. Kusahihisha tahajia kwa njia ya kawaida ni kulinganisha kila neno na orodha ya maneno yaliyopo, na maneno yote mawili yamo katika orodha. Herufi zako zilikuwa sahihi. Neno ndilo halikuwa lake. Programu za kisasa hutazama pia maneno ya jirani, kwa hiyo huenda zikakamata "its affects". Lakini kwenye "affect the changes" na "effect the changes" hata mtu mwenye akili timamu hawezi kuamua bila kujua kamati ilifanya nini, na programu haikuwapo kwenye kikao.

Kwa hiyo kazi hiyo ifanye mwenyewe, na haichukui muda. Ukimaliza ripoti, fungua sehemu ya kutafuta maneno, andika herufi "ffect" peke yake, bila herufi ya kwanza. Itakusimamisha kwenye kila "affect", "effect", "affected", "effects" na "effective" iliyomo. Kila ikisimama, isome sentensi hiyo peke yake na uigeuze Kiswahili. Nyingi utazipita kwa sekunde chache. Ikisimama kwenye "to affect", "to effect", "affected" au "effected" na baada yake kuna neno la tendo kama "change" au "payment", usipite mpaka uwe umejijibu kama jambo hilo liliguswa au lililetwa. Na kama waraka ameuandika mtu mwingine, muulize kabla hujabadilisha herufi.